Kitani na Jasho la Wengine

Makumbusho ya Petrie jijini London yana gauni moja la kitani lenye marinda membamba kifuani na mikononi, na shingo iliyokatwa kwa umbo la V. Mwanaakiolojia Flinders Petrie alilichimbua mwaka 1913 huko Tarkhan, kusini mwa Cairo, bila kujua alichokipata, kwa sababu lilikuwa limejificha ndani ya rundo la matambara machafu. Rundo hilo lilikaa bila kufunguliwa hadi 1977, wahifadhi walipoanza kulisafisha. Kipimo cha kaboni kilichofanywa mwaka 2015 kilionyesha kwamba gauni lilitengenezwa kati ya mwaka 3482 na 3102 kabla ya Kristo. Hakuna vazi jingine la kufumwa linalojulikana duniani lenye umri huo. Na halikushonwa kwa ajili ya kaburi tu. Viwikoni na kwapani mwake bado mna mikunjo ya mtu aliyelivaa akiwa hai, na lilipatikana limegeuka ndani nje, kama linavyokuwa gauni lililovuliwa kwa kupitishwa kichwani.

Zaidi ya miaka 5,000 baadaye watu wanavaa kitambaa hicho hicho na kinawakunjika viwikoni vivyo hivyo. Mafundi wengi wa Dar es Salaam na Nairobi hukiita lineni, na hakina undugu wowote na katani ya mkonge. Swali ni kwa nini bado kinatamaniwa. Muuza nguo ana jibu moja la haraka: kitani ni baridi. Ni kweli, lakini haitoshi. Pamba nayo hupitisha hewa, ni laini zaidi, bei yake ni nafuu na haikunjiki ovyo. Kama ubaridi ungekuwa ndiyo hoja yote, kitani kingekuwa kimezikwa tangu karne ya 19.

Ninavyoona mimi, kitani kimebeba mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni tabia ya nyuzi zake, ambayo haijabadilika tangu enzi za Mafarao. La pili ni wingi wa kazi inayotakiwa ili kukipata na kukitunza. Kazi hiyo ndiyo iliyokifanya kiwe vazi la makuhani, baadaye shati la Ulaya nzima, kisha mshindwa wa viwanda, na leo nguo ya wenye nafasi. Kwa hiyo anayetaka kuuelewa mvuto wake aulize kwanza kazi ilifanywa na nani.

Mmea wenyewe ni wa mwaka mmoja. Una shina jembamba linalofika karibu mita moja na ua la buluu linalochanua asubuhi na kudondosha petali zake kabla ya jioni. Kwa siku mia moja hivi huwa tayari kuvunwa. Haukatwi kwa mundu. Hung'olewa na mizizi yake ili urefu wa nyuzinyuzi usipotee hata kidogo. Nyuzinyuzi hizo zimo kati ya ganda la nje na ujiti wa ndani wa shina, zimeshikwa na gundi ya asili iitwayo pektini, na ili ziachie ni lazima shina lioze kiasi. Wanawake wa Zanzibar wanaofukia makumbi ya nazi kwenye tope la bahari, wakayafukua baadaye na kuyaponda wapate usumba, watalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Mashina ya kitani hulazwa majini kwa siku chache, au hutandazwa shambani kwa wiki kadhaa ili umande na kuvu vifanye kazi yake. Yakitolewa mapema nyuzinyuzi hazichomoki, na yakicheleweshwa zinaoza pamoja na shina. Maji yaliyoozesha kitani hunuka vibaya na kuua samaki, hata Uingereza ya Mfalme Henry VIII ikapitisha sheria ya kukataza kazi hiyo mitoni.

Kuoza ni mwanzo tu. Mashina hukaushwa, huvunjwavunjwa, hupigwa mpaka vijiti vitoke, kisha nyuzinyuzi huchanwa kwa vitana vya misumari, kimoja baada ya kingine, kila kimoja chenye meno yaliyobanana kuliko kilichotangulia. Zinazobaki mkononi ni ndefu na zinang'aa. Zinazoanguka ni fupi na za kukwaruza, na hizo ndizo zilizosokotwa zikawa magunia, kamba na nguo za maskini. Ukishasokota na kufuma, kitambaa kinachotoka bado kina rangi ya vumbi. Kukifanya cheupe ni kazi nyingine ya miezi. Pamba huchumwa ikiwa tayari ni pamba. Kitani lazima kitengenezwe tangu shambani.

Faida inayotokana na taabu hiyo inaweza kupimwa. Katika hewa ya kawaida kitani hubeba unyevu wa takriban asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Pamba hubeba karibu asilimia 8, na poliesta haifiki hata asilimia 1. Jasho hunyonywa haraka na kukauka haraka. Nyuzinyuzi zake ni ngumu, kwa hiyo shati halilali juu ya mgongo uliolowa. Husimama mbali kidogo na kuacha hewa ipite. Kikilowa, kitani huongezeka nguvu, ndiyo maana kilistahimili kupigwa juu ya mawe na kuchemshwa kwa karne nyingi, kikizidi kuwa laini kila kinapofuliwa.

Ila ugumu huo huo una gharama yake. Uzi wa kitani haunyumbuki. Ukikunjwa, unabaki umekunjika, na ukikunjwa mahali pale pale kila siku kwa pasi, mwisho hukatika. Shati lisilogandana na mgongo na shati linalojikunja ni shati moja, na huwezi kupata sifa moja ukaikataa nyingine. Viwanda vimejaribu kuiondoa mikunjo kwa dawa au kwa kuchanganya kitani na poliesta. Hapo mnunuzi anakuwa amenunua kitu kingine.

Misri ndiko tabia hiyo ya nyuzi na wingi huo wa kazi vilikokutana kwa mara ya kwanza kwa kiwango cha dola. Mto Nile ulitoa udongo na maji, hali ya hewa ikataka nguo nyepesi, na watawala wakawa na watu wa kufanya kazi. Kabla ya sarafu, mishahara ililipwa kwa nafaka, mafuta na vitambaa. Kitani kilipangwa kwa madaraja, kuanzia kile cha kukwaruza cha mkulima hadi kile cha kifalme kilichoacha mwili uonekane. Katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, kulikuwa na nguo za winda zaidi ya mia moja, nyingine zikiwa zimefumwa kwa uzi mwembamba ambao mfumaji wa leo angeutazama mara mbili. Weupe wa nguo hizo ulikuwa na mtu wake pia. Huko Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, vimepatikana vigae vilivyochorwa nguo moja moja ili dobi ajue amechukua nini kwa nani. Na andiko la kale la Misri linalojulikana kama Mafundisho ya Kheti, ambalo linamshawishi kijana awe karani kwa kuzidhihaki kazi nyingine zote, linamweka dobi ukingoni mwa mto akiwa jirani na mamba. Weupe wa kuhani ulianzia hapo.

Makuhani wa Misri, kwa maelezo ya mwanahistoria Mgiriki Herodotus, hawakuvaa kitu kingine isipokuwa kitani. Wazo hilo lilisafiri mbali. Torati inakataza kuchanganya sufu na kitani katika vazi moja, huku ikimvika kuhani mkuu kitani safi. Nabii Ezekieli anawaagiza makuhani wa ua wa ndani wavae kitani na kuacha sufu, wasijifunge chochote cha kuwatoa jasho. Hapo sababu ya mwili na sababu ya ibada zimeungana kabisa: aliye safi ni yule asiyetokwa na jasho. Asiyetokwa na jasho, kwa kawaida, ni yule ambaye kazi yake imefanywa na mwingine.

Uislamu ulipofika Misri haukukivunja kiwanda hicho. Waandishi wa kale wanataja qabati, kitambaa cheupe cha Wakopti wa Misri, miongoni mwa vitambaa vilivyoifunika Kaaba zama za makhalifa wa mwanzo. Miji ya Tinnis na Damietta kwenye delta ya Nile ilifuma kitani chenye majina ya makhalifa yaliyotariziwa ukingoni, vazi ambalo mtawala alimtunuku aliyemridhisha. Barua za wafanyabiashara Wayahudi zilizohifadhiwa katika sinagogi la Fustat, Misri, zinaonyesha jinsi marobota ya kitani yalivyosafirishwa hadi Tunisia na Sicily katika karne ya 11, yakiwa na ubishi uleule wa bei na ubora unaosikika leo kwenye soko lolote la jumla. Hata wafu waligeuka kuwa mali. Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekuwa Misri karibu na mwaka 1200, anaeleza kwamba watu walifukua maiti za kale, wakachukua sanda zake na kuzishona nguo au kuwauzia watengenezaji wa karatasi, na karatasi hiyo ikafungiwa bidhaa dukani. Sijui kitambaa kingine kilichofanya kazi miaka 2,000 kaburini kisha kikarudi sokoni.

Pwani yetu imo katika habari hii. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta aliposhuka Mogadishu, kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa, Sultani wa mji alimpelekea mavazi ya heshima. Miongoni mwake mlikuwa na nguo ya hariri ya kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri yenye ukingo uliopambwa, joho la kitambaa cha Jerusalem, na kilemba cha Kimisri. Kwa hiyo miaka karibu 700 iliyopita kitani kilikuwa kimefika Afrika Mashariki kikiwa na maana ile ile kilichokuwa nayo Cairo: nguo anayopewa mgeni ili kila mtu ajue ni nani aliyempa.

Ulaya ilikipeleka kwingine. Kwa mamia ya miaka kitani kilikuwa kitambaa cha ndani: shati, shuka, kitambaa cha meza, nepi, sanda. Sufu na hariri vilivaliwa juu kwa sababu havifuliki kwa urahisi. Kitani kilikaa mwilini kikapokea jasho badala yao. Katika karne ya 16 na ya 17, watu wa tabaka la juu walipoyaogopa maji wakidhani yanaingiza maradhi mwilini, kubadilisha shati kulichukua nafasi ya kuoga. Kola na vikofi vyeupe vilivyochomoza shingoni na mikononi vilikuwa ushahidi kwamba na kusikoonekana ni kusafi. Mwenye mashati mengi alikuwa msafi. Mwenye shati moja alikuwa mchafu siku ya kulifua. Usafi ulihesabika kabatini.

Mji wa Haarlem, Uholanzi, ulipata utajiri kwa weupe. Vitambaa vililetwa hapo kutoka nchi jirani, vikachemshwa katika maji ya majivu, vikalowekwa katika maziwa yaliyochacha, kisha vikatandazwa kwenye nyasi juani, na zoezi hilo likarudiwa kwa miezi. Mchoraji Jacob van Ruisdael aliyachora mashamba hayo zaidi ya mara moja, vipande virefu vyeupe vikiwa chini ya mawingu makubwa. Kemia ndiyo iliyoifupisha kazi hiyo. Katika miaka ya 1750 asidi ya salfa ilianza kuchukua nafasi ya maziwa, mwaka 1785 Mfaransa Berthollet akaonyesha uwezo wa klorini, na mwaka 1799 Charles Tennant wa Scotland akasajili unga wa kung'arisha nguo. Miezi ikawa siku.

Lakini kung'arisha ndiyo hatua pekee iliyokubali kurahisishwa bila ugomvi. Kusokota kulikataa. Mashine za kusokota pamba zilikuwa zikifanya kazi Uingereza tangu miaka ya 1760 na 1770; kitani, kwa sababu uzi wake haunyumbuki na gundi yake hukauka, kilikatika mara kwa mara mashine ilipokivuta. Mwaka 1810 Napoleon, akitafuta kitambaa cha kushindana na pamba ya Waingereza, alitangaza zawadi ya faranga milioni moja kwa atakayebuni mashine ya kusokota kitani. Philippe de Girard aliibuni mwaka huo huo. Dola ya Napoleon ikaanguka na fedha hiyo hakulipwa. Baadaye akaenda Poland, ambako mji wa kitani wa Żyrardów umepewa jina lake. Huko Uingereza, James Kay wa Preston alisajili mwaka 1825 njia ya kulowesha nyuzinyuzi kabla ya kuzisokota, na hapo ndipo mambo yalipofunguka. Pamba ilikuwa imeshatangulia kwa nusu karne, na nusu karne hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu.

Kaskazini mwa Ireland ndiko kusokota kwa maji kulikojenga mji mzima. Eneo hilo lilikuwa na wafumaji wa majumbani tangu zamani, na Mprotestanti wa Kifaransa Louis Crommelin alifika Lisburn mwaka 1698 kusimamia na kuboresha kazi yao. Mwishoni mwa karne ya 19 Belfast ulikuwa kitovu cha kitani duniani. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake na wasichana. Walisimama pekupeku katika vyumba vya joto vilivyojaa mvuke, sakafu ikitiririka maji, na wale wa vyumba vya kuchania walivuta vumbi lililowaharibu mapafu. Watoto waligawanya wakati wao kati ya shule na kiwanda. Vitambaa vya mezani walivyovitoa vilikwenda kwenye mahoteli na meli za kifahari. Wengi wanaoisifia Ireland kwa kitani chake huishia kwenye mashamba ya kijani na nyumba nyeupe za wafumaji; mimi naona hesabu ya haki inaanzia kwenye sakafu ile yenye maji.

Na pamba, iliyokishinda kitani kwa bei, ilishinda vipi? Mashine ya Eli Whitney ya mwaka 1793 iliharakisha kutenganisha pamba na mbegu zake, na mashamba ya kusini mwa Marekani yakapanuka kwa kazi ya watumwa. Bei ndogo ya pamba ilikuwa bei ya mtu asiyelipwa. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya mitindo hulipita: baadhi ya watumwa wenyewe walivishwa kitani, kile cha mwisho kabisa, cha yale makapi yaliyoanguka chini ya vitana. Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani Virginia, anasimulia katika tawasifu yake ya 1901 kwamba shati jipya la aina hiyo liliuchoma mwili kama miiba, na kwamba hakuwa na la kubadilisha. Kaka yake John alijitolea kulivaa kwa siku kadhaa mpaka lilipolainika, ndipo akamrudishia. Mmea uliomvika kuhani wa Misri ndio uliomtesa mtoto huyo. Tofauti iko katika kuchana, kufua na muda. Maana yake, tofauti iko katika kazi.

Pamba hiyo ya Marekani ndiyo iliyokuja kutuvika sisi. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar merikani, kitambaa kisichong'arishwa kilichofika bara kwa misafara mpaka maziwa makuu na kutumika kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, merikani ikaadimika Zanzibar, vitambaa vya India na Uingereza vikaziba pengo. Vita hivyo hivyo viliitajirisha Belfast, kwa kuwa Ulaya iliyokosa pamba ilirudi kwenye kitani kwa miaka michache. Kanzu, kanga na kikoi nyingi za karne hiyo zilikuwa za pamba, na kitani hakikupata tena nafasi pwani.

Kilirudi Kenya kwa njia nyingine, kama zao la shambani. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia mabawa ya ndege yalifunikwa kwa kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza, na mahitaji yakawa makubwa. Urusi, mzalishaji mkuu wa dunia, ikaingia katika mapinduzi mwaka 1917 na mzigo wake ukapotea sokoni. Bei ikaruka. Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilipowagawia wanajeshi wake wastaafu ardhi ya nyanda za juu za Kenya, wengi wao walipanda kitani wakitarajia utajiri wa msimu mmoja. Zao linalong'olewa kwa mkono, likaozeshwa, likakaushwa na kupigwa linataka watu wengi, na watu hao hawakuwa tayari kwenda kwa hiari. Mwaka huo huo Gavana Edward Northey alitoa waraka ulioagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, lugha ya adabu kwa jambo lisilo na adabu, na wamisionari kadhaa walilipinga waziwazi. Kabla ya mwaka 1921 kwisha bei ilikuwa imeporomoka. Walowezi wakageukia kahawa na mahindi, na mitambo ya kupigia kitani ikaachwa ishike kutu. Mtu akikuambia leo kwamba kitani ni kitu cha Ulaya kisichotuhusu, mtajie Kenya ya 1919.

Karne ya 20 ilikidhoofisha zaidi kupitia mlango wa nyumbani. Nguo ya kitani iliyonyooshwa vizuri ilimaanisha kuna mtu nyuma yake mwenye pasi, wanga na asubuhi nzima ya kazi. Inasimuliwa kwamba mtumishi wa George Brummell, bingwa wa mavazi wa London mwanzoni mwa karne ya 19, alionekana akitoka na mzigo wa tai za shingoni zilizokunjika, akazieleza kuwa ni zile zilizoshindikana asubuhi hiyo. Maofisa wa kikoloni walikuwa na madobi na maboi wa nyumbani wa kuzing'arisha suti zao nyeupe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watumishi wa nyumbani walipopungua Ulaya na Marekani, nguo isiyohitaji pasi ikawa ukombozi, na poliesta ikaingia kwa shangwe. Mtu anayefua mwenyewe hana sababu ya kupenda kitani, na sioni kwa nini alaumiwe.

Kilichokiokoa ni mgeuko wa maana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Giorgio Armani aliondoa bitana na vikaza mabega kwenye makoti, akaacha kitambaa kianguke kilivyo. Filamu ya American Gigolo ya 1980 iliyasambaza mavazi yake, na kuanzia 1984 tamthilia ya televisheni ya Miami Vice ikayapeleka makoti mepesi ya kitani kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina la mshonaji yeyote wa Italia. Mikunjo ikaacha kuwa aibu. Zamani kitani kilichonyooka kilisema mwenyewe ana watumishi. Sasa kitani kilichojikunja kinasema mwenyewe yuko likizo, hana bosi wa kumkagua. Lugha imegeuzwa juu chini na ujumbe umebaki ule ule. Mlinzi au karani wa benki akija kazini na shati lililokunjika hivyo ataambiwa akapige pasi. Mwenye hoteli akilivaa ataulizwa amelishonesha wapi.

Leo kitani ni chini ya asilimia 1 ya nyuzinyuzi zote za nguo zinazozalishwa duniani. Sehemu kubwa ya nyuzi ndefu za daraja la juu hutoka kwenye ukanda mwembamba wa pwani kuanzia Normandy, Ufaransa, kupitia Ubelgiji hadi Uholanzi, ambako mvua nyepesi na umande huuozesha mmea shambani bila kuchafua mto. Ethiopia hulima mmea huo huo kwa wingi, ila kwa ajili ya mbegu za kula na mafuta. Mzigo mkubwa wa Normandy hupelekwa China kusokotwa, kisha hurudi Ulaya ukiwa kitambaa au shati. Wauzaji hupenda kusema kitani ni rafiki wa mazingira kwa kuwa hakihitaji umwagiliaji mwingi na shina lote hutumika. Upande wa shamba dai hilo lina nguvu. Safari ya baharini ya kwenda na kurudi huwa haiandikwi kwenye lebo, wala haiandikwi kwamba zao linalotegemea umande liko hatarini hali ya hewa inapobadilika: ukame wa 2022 na wa 2023 ulipunguza mavuno na bei ikapanda sana.

Sioni bei hiyo ikishuka kufikia ya pamba. Ardhi inayofaa ni ndogo, mkulima anatakiwa kusubiri miaka sita au saba kabla ya kupanda tena shamba lile lile, na baada ya miaka mia mbili ya mashine kitani bado kinasokotwa polepole kuliko pamba. Kitani kitabaki adimu, na uadimu utaendelea kuwa sehemu ya ladha yake kwa wanaokinunua.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala ana nafasi ambayo mnunuzi wa London hana. Joto na unyevu, hasa vya pwani, ndiyo mazingira ambayo nyuzi hizi zinayaweza, na mashati ya kitani huingia kwenye marobota ya mitumba kila msimu wa Ulaya kubadilisha kabati, mengi yakiwa yameshalainishwa na mwenyewe wa kwanza. Yatafute kwenye masoko ya mitumba ya Karume, Gikomba au Owino kabla ya kwenda dukani. Kwenye maduka ya vitambaa uwe macho, kwa sababu vingi vinavyouzwa kwa jina la lineni ni poliesta au viskosi iliyofumwa kwa uzi wenye vifundo ili ifanane. Minya kona ya kitambaa kwenye ngumi kisha iachie: kitani halisi kitatoka na mikunjo mikali, na kikishikwa huwa baridi mkononi. Muuzaji akiruhusu, choma uzi mmoja. Kitani huungua haraka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kama plastiki. Ukishalipata, lifue kwa maji ya kawaida, lianike likiwa limenyooshwa kwa mkono, na kama huna mtu wa kukupigia pasi, livae hivyo hivyo.